Wito wa chmod Unapokataa: Dalili, Sababu na Marekebisho ya Ruhusa za Faili kwenye Linux

Mwongozo huu ni wa wale wanaoandika programu au kutunza seva ndogo za Linux katika shule, zahanati na vyama vya akiba, kuanzia Nakuru hadi Kisumu, Kakamega na Busia, ambao programu zao hubadilisha ruhusa za faili kwa wito wa chmod kisha zikakwama. Malalamiko hujirudia, na mara nyingi mwenye kuuliza huwa ameshajaribu dawa moja kabla ya kuuliza: ameweka 777. Ruhusa hiyo humpa kila mtumiaji wa mashine haki ya kusoma, kuandika na kutekeleza, haigusi sababu nyingi zitakazoelezwa hapa, na huacha nyuma tatizo la pili lililo baya kuliko la kwanza. Soma namba ya kosa kwanza, ndipo uguse namba ya ruhusa.

Wito wenyewe ulikuwepo tangu toleo la kwanza la Unix, mwaka 1971, na namna unavyofanya kazi ni rahisi kufuata. Programu huipa kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, njia ya faili pamoja na ruhusa mpya. Kerneli hurudisha 0 ikikubali na -1 ikikataa, na sababu ya kukataa huandikwa katika errno, yaani namba ya kosa. Wito wa fchmod hufanya kazi hiyo hiyo juu ya faili ambayo programu imekwisha kuifungua, na fchmodat huanzia kwenye saraka utakayoitaja. Katika Python kosa huja kama OSError likiwa na namba yake, nalo huitwa PermissionError kwa namba 1 na 13. Katika PHP wito hurudisha false pamoja na onyo. Ikiwa umezima onyo hilo kwa alama ya @, au umeandika except: pass ili programu isikusumbue, ondoa kwanza kifuniko hicho, kwa maana umeficha kitu pekee kinachoweza kukuongoza. Na kama programu si yako na haisemi lolote, iendeshe chini ya strace, amri inayoonyesha wito ambao programu inautuma kwa kerneli:

strace -f -e trace=/chmod python3 panga.py

Kila wito utaonyeshwa pamoja na njia ya faili, ruhusa iliyoombwa na jibu la kerneli.

Kosa namba 1, EPERM: “Operation not permitted”

Namba 1 haimaanishi kwamba huna ruhusa ya kuandika kwenye faili. Inamaanisha kwamba wewe si mmiliki wake, au kwamba kuna kizuizi kinachomzuia hata mmiliki. Ruhusa ya kuandika humwezesha mtu kubadilisha yaliyomo, lakini kubadilisha ruhusa zenyewe ni haki ya mmiliki peke yake, au ya mchakato wenye uwezo uitwao CAP_FOWNER, ambao kwa kawaida ni wa root, msimamizi mkuu wa mfumo. Mhasibu aliye katika kikundi chenye rw (kusoma na kuandika) anaweza kufuta kila mstari wa faili ya hesabu, na bado asiweze kugeuza hata biti moja ya ruhusa zake. Wengi hawaamini hili mpaka walione, kwa hiyo lithibitishe mwenyewe:

stat -c '%a %U %G %n' ripoti.pdf
id

Ikiwa jina la mmiliki katika jibu la kwanza si jina lako katika jibu la pili, umepata sababu. Kumbuka kwamba kinachohesabiwa ni utambulisho ambao programu inautumia wakati huo. Seva ya wavuti kwenye Ubuntu au Debian hutumia akaunti ya www-data, na kazi ya cron, yaani inayoendeshwa kwa ratiba, hutumia akaunti ya mwenye jedwali la cron, hata kama wewe uliiandika ukiwa umeingia kwa jina jingine. Hali inayoonekana zaidi ni ya programu iliyoendeshwa mara ya kwanza kwa sudo (kwa mamlaka ya root), ikaunda faili zilizo mali ya root, kisha siku zote zinazofuata ikaendeshwa bila sudo. Rekebisha umiliki mara moja kwa chown, halafu hakikisha kazi hiyo inaendeshwa na akaunti moja tu. Kuongeza sudo kila mahali huzalisha faili zaidi za root, na shida hurudi ikiwa imekua. Elewa pia kwamba chown huondoa biti za setuid na setgid (zinazofanya programu iendeshwe kwa utambulisho wa mmiliki au wa kikundi cha faili) kwenye faili za programu, kwa hiyo usiitumie kwa -R juu ya saraka usizozijua.

Ikiwa mmiliki ni wewe, au wewe ni root na bado unakataliwa, tazama sifa za ziada za faili kwa lsattr. Herufi i ikionekana, faili imefungwa isibadilike. Herufi a ina maana kwamba inaweza kuongezwa maandishi tu. Root anaweza kuiondoa i kwa chattr -i, lakini uliza kwanza ni nani aliyeiweka. Huenda ni msimamizi aliyetaka kulinda faili ya usanidi. Huenda pia ni mvamizi, kwa kuwa programu hasidi za kuchimba sarafu za kidijitali zina tabia ya kufunga kwa njia hii faili walizozipanda.

Simama hapa ikiwa herufi i iko kwenye authorized_keys (orodha ya funguo zinazoruhusiwa kuingia kwenye seva kutoka mbali) au kwenye faili za cron, na hakuna yeyote wa kwenu anayekiri kuiweka. Chomoa waya wa mtandao, usifute chochote, na umwite mtu wa usalama wa mifumo. Kufuta kunaharibu ushahidi, na kwa kawaida hakumtoi mvamizi.

Sababu ya tatu ni nadra zaidi: faili iko kwenye hifadhi ya mtandao ya NFS, ambako root wa mashine yako hugeuzwa kuwa mtu asiye na mamlaka, au programu inaendeshwa ndani ya kontena lililonyimwa uwezo wa CAP_FOWNER. Amri ya findmnt -T ikifuatwa na njia ya faili itakuonyesha kama ni nfs. Marekebisho hufanywa kwenye seva inayomiliki hifadhi hiyo.

Kosa namba 13, EACCES: “Permission denied”

Kwa wito huu, namba 13 huhusu njia ya kuifikia faili. Kila saraka iliyo juu ya faili lazima ikupe biti ya x ili uweze kuipita, na saraka moja tu ikikosa, ruhusa za faili yenyewe hazina maana. Kuwa na ufunguo wa chumba hakusaidii ikiwa geti la ploti limefungwa. Iandike njia nzima baada ya namei -l, na utaona ruhusa za kila hatua kwenye mstari wake.

Mahali panapokwamisha wengi ni saraka ya nyumbani. Tangu toleo la 21.04, Ubuntu huunda saraka za nyumbani zikiwa na ruhusa 750, kwa hiyo tovuti ya shule iliyowekwa ndani ya /home/mwalimu haiwezi kufikiwa na www-data hata faili zake zikiwa 644. Hamishia tovuti hiyo /srv au /var/www. Ikiwa ni lazima ibaki, mpe www-data ruhusa ya kupita tu:

setfacl -m u:www-data:x /home/mwalimu

Namba 2, ENOENT, ni jamaa wa karibu. Kazi ya cron huanzia kwenye saraka nyingine, kwa hiyo njia fupi iliyofanya kazi kwenye terminali haipatikani. Andika njia kamili.

Wito umekubaliwa, lakini ruhusa zilizowekwa ni za ajabu

Dalili hii huwapotezea watu muda mwingi kuliko nyingine zote, kwa sababu hakuna kosa lolote linaloonekana. Tuseme shule moja ya Kakamega ina skripti ya Python inayoandika alama za mtihani wa mwisho wa muhula kwenye faili, na mstari wake wa mwisho ni huu:

os.chmod("matokeo.csv", 644)

Skripti inamaliza kimya. Mwalimu akijaribu kuifungua faili anakataliwa, na ls -l inaonyesha ruhusa hizi:

--w----r-T

Ruhusa huandikwa kwa msingi wa nane, lakini 644 isiyo na alama yoyote mbele yake Python huisoma kwa msingi wa kumi. Namba hiyo ikigeuzwa kuwa ya msingi wa nane ni 1204: 1 ni biti ya kunata, 2 humpa mmiliki kuandika tu, 0 hukinyima kikundi kila kitu, na 4 huwapa watu wengine wote kusoma. Matokeo ni kinyume kabisa cha kilichokusudiwa. Mwalimu aliyeandika alama hawezi kuzisoma, wenzake wa kikundi cha walimu hawawezi, na mtu mwingine yeyote mwenye akaunti kwenye seva hiyo anaweza, wanafunzi wakiwemo. Mmiliki hanufaiki na ile r ya wengine, kwa sababu kerneli hutazama biti za mmiliki kwanza na, ikishajua kwamba ni yeye, haiendelei kutazama nyingine.

Kwa hiyo kariri alama za kosa hili. Stat ikikuonyesha 1204, mtu aliandika 644 ya msingi wa kumi. Ikikuonyesha 1363, ambayo kwa ls ni --wxrw--wt, aliandika 755. Ikikuonyesha 1411, yaani -r----x--t, aliandika 777, na akashangaa kuona kwamba hata 777 haikumsaidia. Ukiona mojawapo ya hizi, usiendelee kutafuta.

Marekebisho ni kuandika 0o644 katika Python 3, na 0644 katika C na PHP. Katika Node.js, '644' iliyo ndani ya alama za nukuu husomwa kwa msingi wa nane, ilhali 644 isiyo na nukuu husomwa kwa msingi wa kumi, tofauti ambayo jicho huipita kwa urahisi. Ikiwa ruhusa inatoka kwenye faili ya usanidi ya JSON, ambayo haina namna ya kuandika namba za msingi wa nane, ihifadhi kama maandishi kisha uigeuze kwa int(ruhusa, 8). Baada ya hapo endesha strace tena. Ikiwa mstari wa wito unaonyesha 0644, umemaliza.

Pia kuna umask. Programu ilifungua faili mpya kwa open ikiomba 0666, na faili ikatokea na 0644. Hapo hakuna kilichoharibika: umask ya 022 huondoa ruhusa ya kuandika kwa kikundi na kwa wengine wakati faili au saraka inapoundwa. Wito wa chmod wenyewe hauguswi na umask, kwa hiyo kuita fchmod mara tu baada ya kuunda faili kunatosha. Kwa huduma inayoendeshwa na systemd, ni safi zaidi kuweka UMask= kwenye faili ya huduma. Amri ya chmod +w iliyoandikwa kwenye terminali bila kutaja u, g, o au a huheshimu umask, na ndiyo maana wengine huona kikundi hakikupata chochote. Andika g+w waziwazi.

Tatu, biti ya setgid, ambayo kwenye saraka hufanya faili mpya zirithi kikundi cha saraka hiyo, hupotea. Unaomba 2775 kwenye saraka ya pamoja, wito unarudisha 0, na stat inaonyesha 775. Kerneli huiondoa biti hiyo bila kutoa kosa ikiwa kikundi cha saraka si kimojawapo cha vikundi vyako na huna mamlaka ya root. Jiunge na kikundi hicho, toka na uingie upya, kisha rudia.

Wito umekubaliwa, lakini hakuna kilichobadilika

Uliza kwanza faili iko wapi. Ikiwa iko kwenye flashi au kadi ya kumbukumbu, karibu hakika imeumbizwa kwa FAT32 au exFAT, ambazo hazina mahali pa kuhifadhi mmiliki wala ruhusa za Unix. Unachokiona kwa ls -l ni ruhusa za jumla zilizochaguliwa wakati flashi ilipopachikwa kwenye mfumo, na wito wa chmod unaweza kurudisha 0 huku kila kitu kikibaki vilevile. Amri ya findmnt -T itakuonyesha vfat au exfat. Unaweza kupachika upya ukitumia uid=, fmask= na dmask=, ingawa mpangilio huo utazihusu faili zote kwa pamoja. Funguo za SSH zisikae huko, kwa kuwa programu ya ssh hukataa ufunguo wa siri unaosomeka na watu wengine, nawe hutaweza kuufunga.

Hali hiyo hiyo huwapata wanaotumia Linux ndani ya Windows kupitia WSL na kuhifadhi kazi zao chini ya /mnt/c. Bila chaguo la metadata, ruhusa hazihifadhiwi. Hamishia kazi ndani ya saraka yako ya nyumbani ya Linux. Kwenye Windows yenyewe, os.chmod ya Python hugeuza alama ya “kusoma tu” na si zaidi.

Kosa namba 30, EROFS: diski imekuwa ya kusoma tu

Kama ni CD, au diski iliyopachikwa kwa makusudi isiandikwe, hakuna shida. Ikiwa ni diski ya seva ambayo jana iliandikika, chukulia jambo hili kwa uzito. Mifumo mingi ya Linux inayotumia ext4 huwekwa ili kerneli ikigundua hitilafu kwenye diski iigeuze mara moja kuwa ya kusoma tu, data isiharibike zaidi. Seva zisizo na UPS huingia katika hali hii baada ya stima kupotea ghafla, jambo ambalo Kisumu na Bungoma haliishi msimu wa mvua. Tazama kama neno ro limo katika chaguo zinazoonyeshwa na findmnt, kisha usome mistari ya mwisho ya dmesg.

Usilazimishe diski iandikike kwa mount -o remount,rw ili tu chmod ipite. Nakili data muhimu kwenda diski nyingine kwanza, kwa kuwa kusoma bado kunawezekana. Usiendeshe fsck, amri ya kukarabati mfumo wa faili, juu ya diski iliyo bado imepachikwa na kutumika. Dmesg ikitaja hitilafu za I/O, au diski ikitoa mlio wa kugonga, zima mashine na umpelekee mtaalamu wa kuokoa data. Kwa zahanati yenye rekodi za wagonjwa ambazo hazina nakala, singempa mtu yeyote ajaribu-jaribu.

Ruhusa zinaonekana sahihi, lakini programu bado inazuiwa

Anza na jambo jepesi: mtumiaji aliyeongezwa kwenye kikundi leo hahesabiwi kuwa mwanakikundi mpaka atoke na kuingia upya, na huduma inayoendelea haihesabiwi mpaka iwashwe upya. Thibitisha kwa id. Kisha tazama saraka, kwa sababu kufuta faili au kubadilisha jina lake hutegemea w na x za saraka iliyomo, na hakutegemei ruhusa za faili hiyo.

Ikiwa ls -l inaonyesha alama ya + mwishoni mwa ruhusa, faili ina orodha ya ziada ya ACL. Hapo tarakimu ya kati ya chmod haiweki tena ruhusa ya kikundi, huweka kikomo cha orodha nzima, kwa hiyo chmod 600 yaweza kuwanyima watu waliokuwa wameruhusiwa kwa majina. Soma getfacl kabla ya kugusa chochote. Alama ya nukta badala ya + huashiria SELinux, ulinzi wa ziada unaofuata lebo za faili, unaotumika kwenye Fedora, Rocky na AlmaLinux. Faili iliyohamishwa kwa mv kutoka nyumbani kwenda /var/www/html hubaki na lebo ya zamani, na seva ya wavuti huzuiwa hata ikiwa 644. Amri ya restorecon -Rv /var/www/html hurekebisha. Kuizima SELinux nzima kwa sababu ya faili moja ni kosa ambalo ningemsihi kila msimamizi alikatae.

Kinyume chake pia hutokea: umefunga faili kwa 600 na programu fulani inaendelea kuisoma. Ruhusa hukaguliwa wakati wa kufungua, kwa hiyo aliyekwisha kuifungua hanyang'anywi. Programu inayoandika siri isifungue faili kwa 0644 kisha ikaifunga baadaye; iiunde kwa 0600 tangu mwanzo, na ikihitaji kubadilisha, itumie fchmod juu ya faili iliyofunguliwa, kwa maana njia ya faili inaweza kuelekezwa kwingine katikati ya hatua mbili.

Baada ya chmod -R 777, sudo na SSH zimegoma

Ikiwa amri iligusa saraka ya tovuti peke yake, marekebisho ni mepesi:

find /srv/tovuti -type d -exec chmod 755 {} +
find /srv/tovuti -type f -exec chmod 644 {} +

Faili za nywila za hifadhidata zirudishwe 640 au 600, na skripti zinazotekelezwa zipewe x moja moja.

Ikiwa iligusa mzizi wa mfumo, /etc au /usr, simama. Ikiwa /usr iliguswa, sudo imepoteza biti ya setuid na itakataa kufanya kazi. Sshd itakataa kuanza kwa sababu funguo zake za siri ziko wazi. Ikiwa ni mzizi mzima, /tmp imepoteza biti ya kunata, na sasa kila mtu anaweza kufuta faili za mwenzake. Ikiwa bado una dirisha lililo wazi kama root, usilifunge na usiwashe mashine upya, kwa maana huenda ndio mlango pekee uliobaki. Tumia dirisha hilo kunakili data nje. Kwenye mifumo ya RPM, rpm -a --setperms hurudisha ruhusa za faili zilizoletwa na vifurushi, lakini haigusi faili zako. Kwenye Ubuntu na Debian hakuna amri ya aina hiyo, na kwa seva ya kazi ninashauri usakinishaji mpya na kurudisha data, ukifanywa na msimamizi mwenye uzoefu.

Kama seva hiyo ina taarifa za wagonjwa, wanafunzi au wanachama, na kuna dalili kwamba mtu asiyehusika alizisoma wakati ziko wazi, jambo hilo si la fundi peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 humtaka mwenye dhamana ya data kumwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu kufahamu ukiukaji wenye hatari halisi ya kuwadhuru wahusika. Andika saa ambayo amri iliendeshwa, saa ambayo ruhusa zilirudishwa na akaunti zilizokuwa zimeingia katikati, ambazo utazipata kwa amri ya last, kisha umkabidhi mkuu wa taasisi maelezo hayo siku hiyo hiyo.